Mzee wetu wa Peugeot 404 ametutoka, na gari lake linatakiwa liwake kabla ya Jumamosi

#1. Mleta uzi (Jumanne)

Wakuu, leo sina stori ya kuchekesha.

Saa moja kasoro asubuhi simu imeita, nikaona jina lake. Nikapokea kwa mbwembwe zetu zile zile: "Shikamoo mzee, leo nani kakutilia maji kwenye petroli?" Upande wa pili kimya. Kisha sauti ya mwanamke: "Mimi ni binti yake. Baba amefariki usiku."

Wanaomfahamu hawahitaji maelezo. Kwa wageni: ni yule mzee aliyekuwa akijibu swali kwa swali. Unaandika "gari langu linakosa nguvu mlimani", yeye hakuambii badilisha hiki au kile. Anakuuliza, linakosa nguvu likiwa baridi au likishapata moto? Tangi likiwa limejaa au likiwa robo? Kitu cha mwisho ulichokigusa kabla ugonjwa haujaanza ni kipi? Ukifika kwenye swali la tatu unajikuta umeshajijibu mwenyewe, na unaona haya. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani ananiringia. Nikamwambia mtu kwamba huyu mzee ana roho mbaya, ujuzi anao ila hataki kuutoa. Maneno hayo yalimfikia. Hakuninunia hata siku moja, ila tangu hapo kila akinijibu alimalizia na "maswali ya roho mbaya yamekwisha".

Gari lake mnalijua kwa picha. Peugeot 404 saluni ya 1967, nyeupe ambayo zamani ilikuwa nyeupe kweli. Injini ile ile ya cc 1618, gia za kwenye usukani, na ufa kwenye dashibodi uliozibwa kwa uzi wa kushonea viatu.

Sasa shida iliyonileta. Binti ana ombi moja tu: Jumamosi 404 iongoze msafara wa mazishi. Leo ni Jumanne. Mzee ameugua miezi saba, na kwa miezi hiyo yote gari halijawashwa. Nimemwambia nitajaribu. Naombeni mawazo. Na mwenye kumbukumbu yake aiweke hapa, binti anasoma.

#2. Chesisi

Dah. Pole sana kwa familia, poleni wote. Siku mbili hizi nilikuwa najiandaa kumwuliza kitu kuhusu klachi. Nimekaa na simu mkononi kama mjinga.

#3. StataMbovu

Mimi na yeye tulijuana kwa aibu yangu.

Ndiyo kwanza nimenunua 404 yangu, siku ya tatu nayo. Nimesimama kando ya barabara, boneti juu, injini inaunguruma, naangalia feni: haizunguki. Inajitembeza kwa uvivu kama kipepeo aliyelowa. Nikazima injini mbio, jasho linanitoka, nikijua gasketi ya silinda hedi inaungua muda wowote. Nikampigia. Hata salamu sikutoa.

Akaniuliza, "Umetoka nyumbani sasa hivi?" Ndiyo. "Washa. Kaa chini. Ngoja." Akakata simu.

Nikakaa kwenye ukingo wa barabara kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Baada ya muda nikasikia kitu kimeshika, tak, na upepo ukaanza kuvuma mle ndani. Kumbe Peugeot waliweka sumaku ya umeme kwenye feni. Injini ikiwa baridi feni inaachiwa, haiburuzwi, injini inawahi kupata joto na petroli haipotei bure. Joto likifika mahali pake, swichi inapeleka umeme, sumaku inaivuta feni na kazi inaanza. Gari la mwaka 1960 hilo!

Nikampigia tena kwa furaha: "Mzee, imezunguka!" Akajibu, "Najua." Akakata.

Mungu ampumzishe.

#4. Mtafuta Vipuri

Poleni wafiwa. Samahani kwa kuuliza, hilo gari litauzwa? Au hata vipuri. Nina shida ya taa za nyuma na grili.

#5. PlagiNne

Mkuu, mwili haujapoa. Binti yake yumo humu anasoma. Hebu jitafakari.

#6. Mtafuta Vipuri

Nimekosa. Naomba radhi kwa binti na kwa wote. Nimeandika kwa mazoea.

#7. GiaYaUsukani

Mimi ananidai difu, yale magia ya nyuma yanayozungusha magurudumu.

Niliwahi kumwaga oili ya nyuma kwenye 404 yangu na kutia GL-5, ile oili ya gia ya bei mbaya, nikaja kujisifu hapa. Mzee akauliza: "Humo ndani chuma kinasaga nini?" Nikamjibu kwamba oili ni mpya na ni ya daraja la juu. Akaandika, "Sijauliza daraja. Nimeuliza chuma kinasaga nini."

Sikujua. Nilidhani difu zote ni zile zile, gia ya kichwa na gia ya sahani. Kumbe difu ya 404 ni ya skrubu: mhimili wa chuma wenye nyuzi kama skrubu kubwa, unazungusha gurudumu la meno la shaba nyeusi. Ndiyo maana iko kimya vile. Na GL-5 ina viungo vya salfa na fosforasi vilivyowekwa kwa ajili ya chuma kinachobanana na chuma. Shaba nyeusi ikipata joto ndani ya vitu hivyo inaliwa polepole. Hulisikii hilo wiki hii wala mwezi ujao. Utalisikia siku utakapofungua na kukuta meno yamekuwa wembe.

Nilimwaga yote usiku ule ule, nimelala chini ya gari na tochi mdomoni. Kesho yake akaniuliza ilitoka rangi gani. Nikamwambia ya kawaida, haina vumbi la dhahabu. Akasema, "Basi umewahi." Hakunicheka, na hakulitaja tena mbele za watu. Mimi ndiye ninayelitaja leo.

#8. MwendoKasi

Mbona mnazunguka sana? Betri mpya, petroli mpya juu ya ile ya zamani, piga stata. Magari ya kale ni magumu hayo, siyo haya ya kompyuta. Nusu saa mmemaliza.

#9. FundiMstaafu

Kijana, nakuheshimu, lakini kwa ushauri huo mtampeleka mzee akivutwa na bredauni.

Mleta uzi, sikiliza. Una siku tatu, zinatosha ukienda kwa mpangilio. Usiguse stata leo.

Anza na petroli. Miezi saba ni mingi. Fungua mfuniko wa tangi unuse. Ikinuka kama rangi ya mbao iliyozeeka badala ya petroli, iondoe yote. Na kama ni petroli iliyochanganywa na ethanoli, chunguza mipira yote, maana ethanoli inavuta maji na ile mipira ya zamani haikutengenezwa kwa ajili yake. Inavimba, inalainika, na ndani inamenyuka vipande vinavyokwenda kuziba kabureta. Kwa ajili ya kuamsha tu, usitegemee tangi. Tundika chupa ya petroli safi juu ya pampu, mpira mmoja mpya, basi.

Injini. Ng'oa plagi zote nne. Za 404 zimezama chini kwenye mashimo, kwa hiyo kwanza puliza uchafu wa juu, la sivyo mchanga unaingia ndani. Weka alama kwenye waya. Tia oili kidogo kila silinda, kijiko hivi. Kumbuka injini hiyo imelazwa digrii 45, oili inakimbilia upande mmoja wa pistoni, kwa hiyo tia, subiri, zungusha kidogo, tia tena. Uzungushe kwa hendeli, ile nondo ya kuwashia kwa mbele, kwa mkono wako, plagi zikiwa nje. Mkono utakuambia kama kuna kitu kimeshika. Stata haikuambii, inavunja tu.

Hilo la injini ndilo jepesi. Mimi kinachonitisha ni breki. Oili ya breki inakunywa unyevu wa hewani. Gari likisimama, yale maji yanatulia kwenye silinda ndogo za magurudumu na kutu inaanza. Pistoni moja ikigoma kurudi, gari linavuta upande. Pistoni ikigoma kutoka, gurudumu hilo halina breki. Hiyo ni madramu yote manne, fungua yote manne. Angalia na mipira ya breki kwa ndani, maana kwa nje inaweza kung'aa huku ndani imeziba. Gari litakalotangulia mbele ya watu wanaolia haliruhusiwi kuwa na breki za kubahatisha.

Ukimaliza hayo ndipo utafute betri.

#10. MwendoKasi

Nimekaa chini. Endeleeni wakuu.

#11. Kabureta Mbili

Wakati mnasubiri habari za gari, niwakumbushe ule ubishi mkubwa.

Nilileta hapa maelezo ya FIVA, lile shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoanzishwa 1966. Wao wanasema gari la kihistoria ni lenye miaka 30 au zaidi, limetunzwa katika hali sahihi ya kihistoria, na halitumiki kama usafiri wa kila siku. Mzee alikubali yote ila hilo la mwisho. Tukabishana siku nne. Mimi nilisema gari ni urithi, linastahili kupumzishwa. Nikamletea hadi Mkataba wa Turin wa 2012, ule unaozungumzia uhifadhi wa magari haya. Nikajiona nimemmaliza.

Akaniuliza, "Huo mkataba unasema gari lisitembee?" Nikaenda kusoma upya. Nikakuta unakwenda upande wake kuliko wangu: matumizi ya gari barabarani yamo ndani ya uhifadhi wenyewe, maana gari lisilotembea linapoteza nusu ya maana yake na ujuzi wa kulihudumia unakufa. Nikarudi hapa na mkia katikati ya miguu.

Lakini nisimfanye malaika. Kwenye mambo ya rangi alikuwa mbishi asiyesikia. Gari lake lilikuwa limeanza kula kutu kwenye sili ya kushoto, ule ukingo wa bati chini ya milango, nikamwambia mara mbili akate achomelee. Alisema rangi ya kiwandani ikiondoka hairudi. Sawa, ila na bati likiondoka halirudi, mzee wangu. Nina hakika hiyo sili hadi leo iko vile vile.

#12. PlagiNne

Umenikumbusha na ule uzi wa petroli kuondolewa madini ya risasi, yale yaliyokuwa yakilinda viti vya valvu kwenye injini za zamani. Watu walikuwa wamepanik, kila mmoja anatafuta dawa ya kuchanganya ili valvu zisile viti vyake. Mzee hakusema mnunue wala msinunue. Alisema pima nafasi ya valvu leo, andika. Tembea, pima tena, andika. Kiti kikiliwa, valvu inazama na nafasi inapungua. Kama namba haibadiliki unababaikia nini?

Namba zangu hazijabadilika. Bado naziandika kwenye karatasi ile ile, nyuma ya mlango wa gereji.

#13. Mleta uzi (Alhamisi usiku)

Wakuu, ripoti.

Nimekwenda na kijana mmoja wa spana. Gari lilikuwa limefunikwa shuka la kitanda, maua ya bluu. Binti anasema mama yake alipokuwa hai alikuwa akilisaka shuka hilo miaka yote.

Nimefungua mlango wa dereva. Harufu yake iko mle ndani, ile ya oili na sabuni ya mche. Kiti kimebonyea upande mmoja. Sikuweza kukaa. Nimefanya kazi zote nikiwa nimesimama nje, kijana ndiye aliyeingia.

Petroli: imekufa, tumeitoa yote. Injini: plagi nje, oili imeingia, nikaingiza hendeli kwenye tundu la mbele. FundiMstaafu, mkono ulitetemeka. Nikavuta. Ikagoma pumzi moja hivi, kisha ikazunguka laini kama mlango uliopakwa mafuta. Nikaizungusha mara ishirini bila sababu.

Breki: ulisema kweli. Nyuma kulia pistoni imeganda. Oili iliyotoka ilikuwa ya rangi ya kahawa. Silinda tumeisafisha imekubali, lakini mipira miwili ya mbele nimeipinda na imepasuka mkononi. Hapo ndipo nilipokwama. Mwenye mipira?

(Na ndiyo, Kabureta Mbili, sili iko vile vile. Kidole kinaingia.)

#14. Mtafuta Vipuri

Ninayo. Pea mbili mpya, nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya gari langu. Nitazileta mwenyewe kesho asubuhi. Usiniulize bei.

#15. Mleta uzi (Ijumaa, saa moja jioni)

Breki zimekamilika. Mtafuta Vipuri amekuja, ameleta mipira, amelala chini kufunga mwenyewe na shati lake jeupe. Tumepampu hadi povu limeisha, pedali iko juu na ngumu.

Betri tumeweka. Cheche ipo, nimeiona kwa macho yangu, ya bluu, kali. Petroli inafika, nimefungua nati ya kabureta nikaona. Pointi nimezisafisha na pengo nimelipima.

Na haiwaki.

Inapiga chafya tu. Unapiga stata, inazunguka vizuri, halafu puh! inatemea juu kwenye kabureta. Mara moja imetoa na moto kidogo, kijana akaruka nyuma. Tumejaribu saa nzima. Binti ametoka, ametuletea viti, akarudi ndani bila kusema kitu. Msafara ni saa nne asubuhi. Nisaidieni.

#16. Chesisi

Kondensa. Badilisha kondensa.

#17. MwendoKasi

Naogopa kuongea, ila taimingi? Umelegeza distribyuta?

#18. Mleta uzi

Distribyuta sijaigusa kabisa, hata nati yake. Kondensa nimeweka nyingine, hali ile ile. Nilichokitoa ni plagi na waya zake tu, na waya zina namba. Mzee mwenyewe aliandika 1, 2, 3, 4 kwenye tepu, mwandiko wake ule wa kulala. Nimerudisha kwa namba, moja hadi nne.

#19. Mwanafunzi Mtoro

Mimi huwa nasoma tu humu, siandiki. Ila naomba niulize. Moja umeanzia wapi?

#20. Mleta uzi

Moja ni moja mkuu. Mbele, kwenye rejeta.

#21. Mwanafunzi Mtoro

Hapana.

Peugeot wanahesabu silinda kuanzia kwenye flaiwili. Moja iko nyuma, upande wa ukuta wa dereva. Ya kwenye rejeta ni nne.

Mzee alinifundisha hili kwa njia mbaya. Nilimwuliza mpangilio wa kuwaka, yaani silinda ipi inafuata ipi, akanipa: 1, 3, 4, 2. Nikafunga waya kwa kuhesabu kutoka mbele, gari likanipigia chafya siku mbili. Yeye amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ananiangalia. Mwisho nikamwambia, mzee, mpangilio ulionipa si wenyewe. Akasema mpangilio ni huo huo. Umehesabu kama mtu aliyesimama nje ya gari. Aliyelichora alikuwa amekaa ndani.

Ukigeuza hesabu, cheche ya moja inakwenda nne. Pistoni hizo mbili zinafika juu pamoja, lakini moja iko tayari kuwaka na nyingine ndiyo inamaliza kutoa moshi na valvu ya kuvuta inaanza kufunguka. Cheche ikifika hapo, moto unatokea mlango ulio wazi, yaani kabureta. Ndiyo hiyo chafya.

Badilisha moja na nne. Badilisha mbili na tatu. Usiguse kingine.

#22. Mleta uzi (saa tano na dakika kumi usiku)

IMEWAKA.

Robo mzunguko wa stata, wakuu, haukufika hata nusu. Imetoa moshi mweupe wa ile oili, imejaa uani kote, kisha ukakatika. Ikatulia. Ule mlio wake mnaujua, kama cherehani nzuri.

Binti ametoka mbio bila viatu. Alisimama mlangoni akasema, "Nilidhani baba amerudi kutoka kazini." Mimi nikajifanya nachunguza feni.

Mwanafunzi Mtoro, sikujui, lakini kesho nikuone.

#23. FundiMstaafu

Vizuri. Sasa zima ulale. Asubuhi kaza tena nati za magurudumu.

#24. Mleta uzi (Jumapili)

Wakuu, tumempumzisha.

Sitaandika mengi ya mazishi, waliokuwepo wameona. Niseme ya gari tu. Niliendesha mimi, hatimaye nikakaa kwenye kile kiti. Kimebonyea kiasi kwamba unaegemea mlango upende usipende, na ukishaegemea, mkono unakutana na gia pale pale ulipo. Miaka yote nilidhani anakaa upande kwa madaha.

Mwendo wa polepole ule ndio adui wa injini, upepo wa mbele hakuna, nyuma magari kumi na tisa. Nilikuwa naangalia sindano ya joto kuliko barabara. Ilipanda, ikapanda, moyo nao ukapanda. Halafu nikasikia tak. Feni ikashika. StataMbovu alikuwa gari la nyuma yangu, anasema aliusikia mlio ukibadilika akacheka peke yake, mkewe akamshangaa.

404 tatu, Beetle mbili, Land Rover moja iliyovuja oili njia nzima, na Mtafuta Vipuri na gari lake lisilo na grili. Mwanafunzi Mtoro alikuja kwa miguu. Kumbe hana gari. Alikuwa nalo, aliuza zamani. Aliendelea kwenda kwa mzee kila wiki, kukaa tu kwenye ndoo.

Gari haliuzwi. Binti amesema hivyo mwenyewe, mbele ya watu, bila kuulizwa. Amesema pia sili itachomelewa. Kabureta Mbili, umeshinda, ila umechelewa kumwambia.

#25. Kabureta Mbili

Natamani nisingeshinda hiyo.

#26. Mzee404

Habari zenu. Msishtuke, ni mimi binti, nimeingia kwa akaunti ya baba, neno la siri alikuwa ameliandika kwenye kalenda.

Nimesoma uzi wote, mara mbili. Sikujua kwamba alikuwa anaongea na watu wengi kiasi hiki. Nyumbani hakuwa msemaji. Asanteni.

Leo asubuhi nimeliwasha peke yangu. Liko uani sasa hivi linaunguruma, boneti iko juu kama mnavyofanya ninyi. Sasa naona feni haizunguki vizuri, inazembea tu. Nimeharibu kitu?

#27. StataMbovu

Hujaharibu, dada. Liache liwake. Kaa chini. Ngoja.

#28. Mzee404

Imeshika.

Sasa nielekezeni, kwenye huu mkono wa usukani gia ya kurudi nyuma iko wapi? Nimejaribu pande zote linakwenda mbele tu, na mbele kuna ukuta.